Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Pamoja na Jibu Kuhusu Tikiti za Mieleka

Ndugu wanachama,

Shikamooni kwa mliotoka Kigoma na Pwani, jambo yenu kwa mliotoka Bukavu, Uvira na Fizi, amahoro kwa ndugu wa Burundi. Taarifa nimeiandika mapema ili kila mtu aisome nyumbani kwake, tukikutana tusipoteze saa nzima nikisoma karatasi huku chakula kinapoa. Hesabu atazisoma mhazini. Mimi fedha nitazigusa mahali pamoja tu, pale penye kelele.

Ya kawaida nayapita haraka. Mwaka huu tumezika na tumeozesha. Wageni waliofika tumewapokea, tukawaonyesha kituo cha basi, shule, na duka lenye unga wa muhogo. Darasa la Kiswahili la watoto linaendelea kila Jumamosi, na walimu bado ni walewale wawili. Nimelisema hilo miaka mitatu, na naona nitalisema na wa nne. Familia kadhaa zimehamia Iowa na Texas kufuata kazi na ndugu, tukawaaga vizuri. Mmoja wa waliohama ni katibu wetu, na kwa bahati mbaya ameondoka na ufunguo wa kabati la chama. Tumelivunja.

Sasa kelele.

Katika mkutano mkuu uliopita, Mzee wetu fundi seremala alisimama akauliza, "Mwenyekiti, chama cha kuzikana kinanunua tikiti watu wakatazame watu wanaojifanya kupigana?" Mkacheka. Lakini swali lilikuwa la haki, na mimi nililijibu ovyo. Nilisema ni burudani ya vijana. Hilo ni kweli nusu. Nusu ya pili nimeifikiria mwaka mzima, nikiwa nashusha makontena usiku pale uwanja wa ndege, na kuieleza inabidi nianze mbali kidogo. Wengine mmeishi hapa Louisville, Kentucky, miaka kumi bila kujua mji huu una jina gani katika mieleka.

Mji uliokuwa na siku yake

Tukitaja mieleka ya kulipwa, wengi wetu tunaona WWE: taa, moshi, fataki, ile tuliyoitazama kwenye vibanda umiza huku mtafsiri akiongeza chumvi yake. Lakini kampuni moja kuikalia Marekani nzima ni jambo la juzi tu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hii ilikuwa imegawanywa himaya. Kila promota alikuwa na miji yake, kituo chake cha runinga na wanamieleka wake, na kuvuka mpaka wa mwenzako ilikuwa kutafuta ugomvi.

Louisville ilikuwa ndani ya himaya ya Tennessee, kwa promota Nick Gulas wa Nashville. Mwaka 1977 Jerry Jarrett alijitenga naye, akamchukua mwanamieleka Jerry Lawler, wakaweka makao Memphis na kuondoka na miji kadhaa, wetu ukiwemo. Mpango wao ungeeleweka kwa yeyote aliyekulia karibu na gulio. Jumamosi asubuhi walikuwa studio ya Channel 5 Memphis, moja kwa moja hewani, wakichokozana na kutukanana ili watu wawe na sababu ya kuja. Jumatatu walikuwa Mid-South Coliseum hapohapo Memphis. Jumanne, Louisville Gardens. Jumatano walivuka kwenda Evansville, Indiana. Kila mji na siku yake, mwaka nenda mwaka rudi. Huhitaji tangazo kubwa kama watu wanajua kwamba Jumanne ni Jumanne.

Louisville Gardens ni lile jengo zee la mwaka 1905 katikati ya mji, Muhammad Ali Boulevard. Mmelipita mara nyingi. Na msidhani ni biashara ya wanaume peke yao. Mama yake Jarrett, Christine, alianza kwa kuuza tikiti Nashville, akapanda hadi kuwa promota mwenyewe. Akina mama mnaoshika daftari la michango, nawaona mnavyotabasamu.

Pembeni mwa ulingo ule alikuwapo pia kijana wa hapahapa mjini, Jim Cornette, aliyezaliwa mwaka 1961. Akiwa na miaka 14 hivi alikuwa tayari anapiga picha za mapambano. Mkumbukeni, atarudi.

Mwaka 1984 Vince McMahon, aliyekuwa amenunua kampuni ya baba yake huko kaskazini-mashariki, ndiyo WWE ya leo, alianza kuvunja mipaka. Alinunua muda wa runinga katika miji ya wenzake na kuwachukua mastaa wao. Himaya zikaanguka moja baada ya nyingine. Memphis ilijitahidi kuliko nyingi. Mwaka 1989 ilijipa jina jipya, USWA, ikajikokota hadi 1997, ikafa.

Nyumba ya Danny Davis

Kabla haijafa, mwanamieleka mmoja wa himaya ileile alikuwa ameshafungua kibanda chake. Danny Davis hakuwahi kuwa staa mkubwa. Alipigana na kinyago usoni katika timu ya wawili iliyoitwa Nightmares, na mwenzake Ken Wayne. Mwaka 1993 alianzisha Ohio Valley Wrestling, wenyewe wanasema OVW, bonde la mto Ohio, yaani sisi. Ilikuwa shule na maonyesho kwa pamoja: unalipa karo, unafundishwa kuanguka, ukishajua unapanda ulingoni mbele ya watu wachache waliokaa kwenye viti vya kukunja.

Hapo kwenye kuanguka nisimame kidogo, maana ndipo swali la Mzee linapojibiwa. Somo la kwanza la mieleka si kupiga. Ni kuanguka chali: kidevu kifuani ili kisogo kisiguse, mikono iliyonyooka ipige sakafu kwa wakati mmoja na mgongo, pumzi itoke. Mara ya kwanza unaona nyota. Unarudia. Unarudia mara mia. Nani atashinda, wamekubaliana kabla, na hilo hawalifichi siku hizi. Lakini mtu wa kilo mia na ishirini akiinuliwa juu ya kichwa cha mwenzake, hakuna makubaliano yatakayoizuia ardhi isimvute.

Mwaka 1999 mambo mawili yalitokea. OVW ilianza kuwa na kipindi cha runinga cha kila wiki, na Jim Cornette, yule kijana wa kamera, sasa mtu mzima aliyekwisha kuendesha kampuni yake mwenyewe huko Knoxville na ikamfia, alirudi nyumbani akanunua hisa na kuwa mpangaji wa mapambano. Mwaka 2000 kampuni ya McMahon ikaingia mkataba nao: vijana wake waje Louisville kufundishwa kabla hawajapelekwa kwenye runinga ya taifa. Yule yule aliyeua himaya sasa alikuwa anahitaji himaya moja ibaki, kwa sababu bila vilabu vidogo hakuna mahali pa kumpika mwanamieleka. Anaiva ulingoni, mbele ya watu wanaozomea, na hakuna njia ya mkato.

Machi, Aprili, Mei, Juni

Nawaomba mwaka 2002 muusome polepole.

OVW wakati huo ilikuwa na kijana aliyejiita Prototype, aliyejifanya nusu mtu nusu mashine. Mwezi Februari alichukua mkanda wa ubingwa wa OVW kutoka kwa jitu moja lililoitwa Leviathan. Alikuwapo pia Randy Orton, mtoto na mjukuu wa wanamieleka, na Brock Lesnar, aliyekuwa bingwa wa mieleka ya vyuo vikuu, akipigana bega kwa bega na Shelton Benjamin. Watu wa Louisville waliwatazama wote hao kwa kiingilio cha bei ya chakula cha mchana.

Machi, Lesnar akaitwa juu. Aprili, Orton. Mei, Leviathan, ambaye dunia inamjua kama Batista. Juni, yule Prototype, naye ni John Cena. Miezi minne, wanne wamekwenda. Ilipofika Agosti, Lesnar akiwa na miaka 25 alikuwa bingwa wa WWE.

Fikirini ni chama chetu: mwenyekiti Machi, mhazini Aprili, katibu Mei na ufunguo wake, kiongozi wa kwaya Juni. Tungefunga. Davis na Cornette walifungua milango Jumatano iliyofuata, wakapandisha wanafunzi waliobaki, na watazamaji walewale wakaanza kuwazomea hao wapya hadi nao wakaiva. Nyumba ile ilihesabu kuondoka kwa watu kuwa ndiyo kazi yenyewe. Cornette aliondoka 2005, nafasi yake ikashikwa na Paul Heyman. CM Punk akawa bingwa wa OVW mwaka 2006. Wakapita Cody Rhodes, Bobby Lashley, Mickie James, Beth Phoenix. Na mwaka 2007 alipita kijana mzaliwa wa Ghana, Kofi Kingston, ambaye tarehe 7 Aprili 2019 alikuja kuwa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Watoto wetu wana picha yake ukutani na hawakujua kwamba alifanya mazoezi mjini kwao.

Februari 2008 WWE ikavunja mkataba na kuhamishia shule yake Florida. Wapenzi wa mieleka husema OVW ilianguka siku hiyo. Mimi sikubaliani nao. Kwa maoni yangu miaka ile minane ilikuwa ya heshima, lakini ilikuwa ya kulishwa, na anayekulisha ndiye anayejua ni siku gani utalala na njaa. Baada ya hapo iliwabidi waishi kwa kiingilio, karo, fulana na matangazo ya wafanyabiashara wa hapa mjini. Kati ya 2011 na 2013 walipata mkataba mwingine, na kampuni ya TNA, nao ukaisha. Mwaka 2018 Davis, amezeeka na mwili una deni la miaka yote ile, akamuuzia Al Snow, mwanamieleka wa zamani aliyewahi kufundisha hapohapo. Snow akakazania shule, hadi jimbo la Kentucky likaitambua kama chuo cha ufundi. Mwaka 2021 mtangazaji Matt Jones na wenzake, akiwemo Craig Greenberg ambaye leo ni meya wetu, walinunua sehemu kubwa ya hisa. Mwaka 2023 Netflix wakaonyesha vipindi saba kuhusu ukumbi ule, na viti vikaanza kujaa watu kutoka majimbo ya mbali. Vipindi vya runinga vya wiki kwa wiki vimepita 1,000. Mapato, kwa macho yangu, si ya kutajirisha mtu.

Tulivyokwenda

Kwanza kosa langu. Nilisoma tangazo la zamani na kuwaambia watu Jumatano. Tulifika kwenye ukumbi wa OVW, Shepherdsville Road, magari matatu, watoto wameshavaa fulana, tukakuta maegesho matupu na mlango umefungwa. Siku hizi ni Alhamisi. Mama mmoja alikuwa amekaanga maandazi ya safari. Tuliyala palepale maegeshoni tukarudi nyumbani. Mafuta ya gari siku hiyo nimelipa mwenyewe, msiyatafute kwenye hesabu.

Alhamisi tukaingia. Kwa nje, Davis Arena ni kama ghala lingine lolote, katikati ya maghala mengine. Ndani kuna ulingo, viti, kamera, na harufu ya bisi. Vijana walidhani wamepotea njia. Kisha mtu wa kwanza akaanguka, na sauti ile haipo kwenye runinga. Ni kishindo cha mbao kinachokuingia kwenye kiti. Mtoto wa jirani yangu alinishika mkono na hakuuachia hadi pambano likaisha.

Mama yetu wa Uvira alikaa mstari wa mbele. Hajui Kiingereza cha kutosha kuagiza kahawa, lakini dakika ya tatu alikuwa ameshajua nani steringi na nani adui, na adui alipomkaba mwenzake mwamuzi akiwa amegeukia upande mwingine, mama alisimama akapaza sauti: "Geuka! We mwamuzi, geuka nyuma!" Adui akaacha kukaba. Akamtazama, akaweka kiganja sikioni kama asiyesikia vizuri, ukumbi mzima ukamwunga mkono mama. Hawakujua alichosema. Walikuwa wanasema jambo lilelile kwa lugha yao.

Wale wa Kinshasa walituambia kwamba kwao mchezo huu unaitwa kachi, na wanamieleka wengine kama Edingwe hupanda ulingoni na dawa na uchawi wao wote, kwa hiyo adui wa Louisville kwao ni mtoto mpole. Tuliwaachia ubingwa huo.

Na Mzee wetu? Alikuja, kwa sababu niliomba. Alikaa mikono kifuani saa mbili nzima. Hakushangilia hata mara moja. Watu walipoanza kutoka hatukumwona, tukamtafuta, tukamkuta amepiga goti kando ya ulingo, na kijana wa kufunga vyombo amemfunulia pazia la chini ili atazame. Akanionyesha kwa kidole: mihimili ya chuma, juu yake mbao zilizopangwa bila kubanwa kabisa, juu ya mbao godoro jembamba kama la kambini, kisha turubai. "Wameziachia nafasi zicheze," akasema. "Ukizikaza, mtu anavunjika mgongo. Ukizilegeza sana, anatumbukia." Akagonga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga wa pili. "Huu utapasuka karibuni." Akamweleza yule kijana kwa ishara, na kijana akaandika kitu kwenye simu yake. Tukiwa garini Mzee aliniambia bado haoni sababu ya chama kulipa. Nimeliandika hilo kwa sababu alinitaka niliandike.

Kuna nyongeza moja, maana watoto waliniuliza kwa nini uwanja wetu wa ndege una jina la Muhammad Ali na Ali ana uhusiano gani na mieleka. Alizaliwa mjini hapa tarehe 17 Januari 1942. Mwaka 1961, akiwa bado Cassius Clay, alikutana Las Vegas na mwanamieleka Gorgeous George, mtu wa manukato na nywele za dhahabu, aliyejaza kumbi kwa kujisifu mpaka watu walipe kumwona akipigwa. Ali mwenyewe amesimulia kwamba alijifunzia pale faida ya mdomo. Mdomo ule aliufikisha Kinshasa, kwenye pambano la ngumi na George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974, na wazee wetu wa Kongo hawahitaji niwasimulie raundi ya 8. Mwaka 1976 alipigana na mwanamieleka Antonio Inoki huko Tokyo, pambano baya sana, Inoki amelala chini akimpiga mateke miguuni. Hilo tulisahau.

Ninachoomba

Nusu ya pili ya jibu langu ni hii. Chama chetu kila mwaka kinapoteza watu, na kila mwaka tunaahirisha vikao hadi "watu watimie." Mwaka huu tumeahirisha mara tano. Hawatatimia. Waliokwenda Iowa hawarudi, na watakaokuja bado wako njiani au bado wako kambini Nyarugusu. Nilipeleka watu kwenye ukumbi ule ili waone nyumba ambayo wenye majina wote wameondoka na bado ina siku yake.

Kwa hiyo natoa hoja, nayo mtaijadili mkinikosoa mnavyotaka: mkutano uwe Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa tisa alasiri, wawepo hamsini au wawepo watano. Asiyekuwepo asilalamike kwamba hakuulizwa. Hoja ya pili: ufunguo wa kabati jipya uwe na nakala tatu.

Kuhusu tikiti, kamati imekubali kwamba safari ijayo kila mtu mzima atajilipia, na chama kitalipia watoto wa darasa la Kiswahili tu, kama zawadi ya kumaliza kitabu. Mzee ameridhika na hilo. Kuna binti yetu mmoja aliyeniuliza namna ya kujiunga na shule ya pale. Baba yake hataki kusikia, mama yake anataka kusikia kidogo. Nimewaambia waje wote watatu wanione nyumbani, tusilifanye jambo la mkutano.

Wanaotaka kwenda Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi ujao wampe katibu mpya majina yao kabla ya Jumatatu. Mama wa Uvira ameshaweka nafasi yake mstari wa mbele. Maandazi yataliwa ndani ya gari, ukumbini hawaruhusu.

Mwenyekiti wenu